Siku Niliyolinda Leso

Sisi wa rika langu hatuhitaji kuelezwa kawa ni nini. Wa kuelezwa ni hawa vijana wanaoletewa pilau ya harusi ikiwa imefunikwa kwa karatasi ya kung'aa, ya kuchana na kutupa. Kawa ni kifuniko cha ukindu, kimesukwa mviringo, kinapanda mpaka kwenye ncha, na kinaenea sinia nzima. Mwezi uliopita mpambaji mmoja alileta kawa kumi na mbili kwenye hoteli ninayofanya kazi, huku Diani, ili wageni waone chakula cha Kiswahili kinavyoandaliwa. Mimi ni mlinzi wa lango la nyuma, la wafanyakazi na mizigo, na kila kinachoingia lazima nikifunue. Nikafunua ya kwanza, nikafunua ya pili. Ya tatu ilikuwa kuukuu, na harufu yake ikanipiga usoni: ukindu uliokwisha kupigwa na mvuke wa wali, iliki, na moshi kwa mbali. Nikasimama nayo mkononi. Dereva akapiga honi.

"Dada, kuna shida?"

"Hakuna. Pita."

Na kweli hapakuwa na shida. Niseme mapema, msije mkakaa mkingoja machozi: katika habari hii silii. Si ushujaa. Ni kwamba mahali pangu pa kulilia pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na nimekwisha kuzoea kutembea nao hivyo hivyo.

Kwetu ni Msambweni, nyumba ya mawe na udongo yenye ua wa makuti na mlango mmoja tu wa kutokea. Tulikuwa tukikaa na nyanya, mzaa baba, na shangazi yangu ambaye alikuwa hajaolewa bado. Baba alikuwa mpishi wa hoteli, akija nyumbani siku zake za mapumziko. Mama alikuwa Mduruma wa upande wa Kinango, kule kukavu kwa mbuzi na ng'ombe, na alisilimu alipoolewa. Akapewa jina jipya, lakini nyanya aliendelea kumwita Umazi, jina la kwao, na kila mtu akafuata. Baba alikuwa na mkono mwepesi. Sitaongeza neno hapo, mkono mwepesi kila mtu anaujua. Mara mbili mama alikwenda kwao, na mara mbili wazee walikaa, wakanywa chai, wakasema yao, wakamrudisha.

Basi ikaja harusi ya shangazi. Mimi nilikuwa na miaka saba, au minane, meno ya mbele hayajaota vizuri. Wiki ile mama alikuwa mpole kupita kiasi. Akiambiwa chota maji anachota, akisemwa anatabasamu. Nyanya hakupenda. Nilimsikia akimwambia shangazi, "Kimya kingi kina mshindo mkuu. Yule ana lake."

Asubuhi ya harusi, nyanya aliniita.

"Mke mwenzangu!" Ndivyo alivyokuwa akinitania, maana kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa nyanyake.

"Bee!"

"Leo nina kazi na wewe. Chukua ile mbuzi ya kukunia nazi, igeuze meno yasikukate, ukae hapa mlangoni. Mama'ko asitoke."

"Na akitoka?"

"Mwite. Paza sauti, mwite mama, mshike nguo, ulie. Hakuna mama wa kumruka mwanawe analia."

"Kwani anakwenda wapi, nyanya, na harusi iko hapa?"

"Maswali mengi! Wewe mtie machoni tu. Usimtoe."

Watu wazima wote walikuwa na kazi siku ile. Kulikuwa na mchele wa kuchagua, nyama ya kukata, bibi harusi wa kupakwa hina. Nafasi ya kukaa mlangoni alikuwa nayo mtoto peke yake, na nadhani nyanya alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake: mtu mzima angemzuia mama kwa nguvu na ingekuwa fedheha mbele za wageni, lakini mtoto angemzuia kwa kilio tu. Haikuwa hesabu mbaya.

Nikamtia machoni. Sasa, nilimtiaje? Hapa ndipo pote. Mama asubuhi ile alikuwa amevaa doti ya leso ya manjano yenye korosho nyekundu, pande moja kiunoni na pande moja mabegani. Mtoto wa kimo kile, mtu mzima kwake huanzia kiunoni kwenda chini. Uso uko juu, mbali, unakuja tu ukiitwa. Mama yangu wa kila siku alikuwa ile leso: ndiyo niliyoshika tukivuka barabara, ndiyo niliyojifutia kamasi, ndiyo niliyojifunika mbu wakija. Nilipoambiwa nimtie machoni, nilichokitia ni manjano na korosho nyekundu. Tena niliamini jicho ni kama kikombe, kwamba ukipepesa kinamwagika. Nikawa nayatoa macho mpaka yakachuruzika maji. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiingia akaniuliza, "Mbona walia, mwana?" Nikamwambia silii, nafanya kazi. Akacheka sana.

Mchana kutwa nilifanya kazi. Jikoni palikuwa upande wa pili wa ua, masufuria juu ya mafiga, wanawake wamejaa, moshi mzito. Katikati ya moshi nilikuwa naiona manjano yangu. Ilikuwa ikiinama, ikiinuka, ikipotea nyuma ya watu, na mimi roho juu, mpaka itokee tena upande mwingine. Kila ilipotokea nilipata raha tumboni, raha ya kuokota kitu changu. Naweza hata leo kuwachorea ile leso ilivyokuwa, korosho ngapi kwenye pindo, na pale iliporuka cheche ya moto ikaacha tundu dogo. Lakini waliopita mlangoni siwezi kuwataja. Walipita wengi: wanawake wa mabuibui wakija na mabeseni ya vyombo, wengine wakitoka na masinia kichwani, kawa juu yake, wakipeleka chakula nyumba ya pili walikokaa wanaume. Nilijua tu kwamba hawakuwa manjano.

Nyanya alikuja mara mbili kuniuliza. "Mama'ko yuko wapi?"

"Yule pale."

Naye akatazama jikoni, akaona manjano, akaridhika, akaenda zake. Mara ya kwanza nadhani alikuwa mama kweli. Mara ya pili ilikuwa baada ya adhuhuri, na hapo mimi na nyanya, yeye mtu mzima mwenye akili zake, sote wawili tuliitazama leso tukasema huyo ni Umazi.

Alasiri baba akataka kanzu yake, na ufunguo wa sanduku alikuwa nao mama. Nyanya akaita, "Umazi!" Manjano haikugeuka. Akaita tena. Haikugeuka. Akavuka ua, akaishika leso begani, akaivuta. Aliyegeuka alikuwa Nimwaka, jirani yetu, shoga yake mama, na mwiko mkononi.

"Lo! Umazi yuko wapi?"

"Si amepeleka chakula kwa wanaume?" akasema Nimwaka. "Ameniazima buibui langu, akasema ataona haya kupita kwa wanaume na leso. Tukagawana doti, mimi pande hili, yeye pande lile. Akasema leo tupendeze kama mapacha."

Wanawake wanaopendana kwetu hugawana doti, hakuna anayeliwazia. Na mama hakuwa na buibui, hakuwahi kuwa nalo tangu azaliwe. Hakuna aliyemweka machoni na buibui.

Nyanya akanijia mbio. "Ametoka?"

"Hajatoka."

"Una hakika?"

"Wallahi nyanya, hajatoka. Mimi nipo hapa."

Nilisema kweli yangu, na kwa sababu ya kweli hiyo wakaanza kumtafuta ndani. Wakaangalia vyumba vyote, uvunguni, bafuni, nyuma ya banda la kuku. Walipotoka kwenda barabarani jua lilikuwa limeshashuka minazini. Sinia na kawa zilipatikana kichakani karibu na lami, safi, bila hata punje ya wali. Chini ya kawa ile hakukuwa na pilau. Mama alijitwisha nguo zake mwenyewe kichwani, akatoka nazo mbele za watu wote, na watu wakampisha kwa heshima ya chakula.

Baba alikuja akachuchumaa mbele yangu. Nilingoja kofi. Hakunipiga.

"Ulilala?"

"Sikulala."

Akasimama, akawaambia watu, "Mtoto alilala." Ikawa ndiyo habari. Mpaka leo katika ukoo wetu ukisema "usiwe kama mlinzi wa harusi ya shangazi" watu wanacheka, na mimi hucheka nao. Nyanya hakunilaumu hata siku moja, ila tangu siku ile hakuniita tena mke mwenzangu. Akawa ananiita kwa jina.

Kilichofuata naona haya kukisema, lakini utoto ni utoto. Mimi niliamini mama ameingia ndani ya Nimwaka. Niliona kwa macho yangu: manjano haikuondoka jikoni hata dakika moja, ilikuwa mama, kisha ikavutwa begani ikawa Nimwaka. Basi mama yumo. Kwa siku nyingi nikawa namfuata Nimwaka kila aendako, kisimani, dukani, shambani kwake. Nikikaa karibu yake namchunguza mikono, nitafute kovu la jiko alilokuwa nalo mama kwenye kifundo. Siku moja nikamnong'oneza sikioni, "Mama, watu hawapo. Toka." Nimwaka akaketi chini palepale, mavumbini, akalia kwa sauti. Mimi nilimtazama tu, nikingoja atoke.

Hakutoka. Nikakua. Lakini jicho lilikwisha kuzoea kazi yake na halikupata wa kuliachisha. Nikiwa msichana, sokoni Ukunda, manjano ikipita kwa mbali shingo inageuka kabla sijafikiri. Niliwahi kumfuata mwanamke wa watu mpaka mlangoni kwake, akageuka akaniuliza nataka nini, nikamwambia nimepotea njia. Alikuwa mzee kuliko nyanya. Hata leso za korosho nyekundu zilikwisha kutoka madukani, nami bado nazitafuta.

Mama mwenyewe nilikuja kusikia yuko Lunga Lunga wakati nimeshazaa wangu wa kwanza. Alikuwa akiuza chai na chapati kwa madereva wa malori wanaongoja kuvuka mpaka. Nikaenda. Nilimpita mara mbili kabla ya kumjua, maana nilikuwa nikitafuta mwanamke mwembamba. Tulisalimiana kama wakwe.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo? Watoto hawajambo?"

Akanipa chai, nikanywa. Alikuwa ameolewa na mtu mwingine, ana binti, Mbeyu, msichana mchangamfu aliyeniita dada tangu siku hiyo bila kuuliza chochote. Baada ya hapo nikawa naenda kila Idi. Tunazungumza bei ya unga, mvua, miguu yake inayovimba. Ile siku ya harusi hatukuigusa. Nilijiambia hana la kusema, na mimi pia sina la kumwambia zaidi ya kwamba sikulala.

Mwaka nilioajiriwa hotelini, walituletea mkufunzi, mzee mmoja kutoka bara, askari mstaafu mwenye tumbo na ucheshi. Alimwaga meza nzima ya vitu, vile vya mikobani, akatuambia, "Nipeeni kibiriti chekundu cha gesi. Haraka haraka!" Nikainama. Nikaona kifuniko chekundu, kalamu nyekundu, kitana chekundu, kibiriti. Nikakitoa wa kwanza.

"Vizuri sana, madam. Sasa niambie, na hiyo panga?"

"Panga gani?"

Wenzangu wakaangua kicheko, na nao hawakuwa wameliona. Panga lilikuwa limelala mezani, refu kama mkono wangu, na vile vitu vyekundu vingine vilikuwa juu yake. Nililisogeza kwa vidole vyangu mwenyewe.

"Jicho ni mtumwa wa picha uliyobeba kichwani," yule mzee akasema. "Ukibeba nyekundu, litakuletea kila chekundu kilichoko duniani. Panga litapita, na mwenye panga atakusalimia, na utamwitikia. Na usidhani umelala, madam. Ungekuwa umelala ningekupiga kofi uamke. Wewe uko macho kabisa, hiyo ndiyo noma."

Wengine waliandika kwenye madaftari. Mimi niliomba ruhusa nikaenda chooni, nikakaa. Ulikuwa umepita umri mzima na mtu mgeni, asiyenijua wala kumjua mama, ndiye aliyekuja kuniambia kwamba sikulala. Nilingoja nifurahi. Baadaye nikanawa uso nikarudi darasani.

Mwaka huu Mbeyu alinipigia simu. Mama amelazwa, figo. Nikawa naenda siku zangu za mapumziko, saa za wageni za alasiri, nampelekea uji, namkanda miguu. Siku moja alikuwa na nguvu kidogo. Mbeyu alikuwa ameteremka kununua maji. Mama akanigeukia.

"Wewe na mimi tuna deni la maneno," akasema.

"Hatuna, mama. Pumzika."

"Tunalo. Niliwahi kukaribia kurudi, unajua? Siku ile."

Nikaendelea kukanda.

"Nilipofika mlangoni nikakuona umekaa kwenye mbuzi. Sinia kichwani. Sikuwa nimejifunika uso. Nikasimama mbele yako, karibu hivi, kama ulivyo wewe na mimi hapa. Nikajiambia, akiniita tu, naitua sinia hii hapa hapa, narudi ndani, na lolote litakalonipata na linipate. Nilikuwa na nia ya kweli, mwanangu. Neno moja tu."

"Eeh."

"Ukainua macho, ukanitazama. Machozi yalikuwa yakikutoka. Kisha ukavuta miguu yako, ukanipisha."

Nilijaribu palepale kuitafuta ile miguu. Nilimwona mkufunzi, niliona tundu la cheche kwenye leso, niliona moshi. Miguu yangu ikivutwa nyuma mbele ya mwanamke mwenye sinia, hapana. Ni adabu tuliyofunzwa sote, ukimwona mtu amebeba chakula mpishe, na mtoto huifanya bila hata kujua ameifanya.

"Nilitembea mpaka lami bila kugeuka," mama akasema. "Nikawa najiambia, amejua. Mtoto amejua yaliyonipata humo ndani, na ameniruhusu. Analia, na bado ananiruhusu. Watu wamenisema, kwetu wamenisema, hata mume huyu wa pili akikasirika hunisema, mwanamke aliyemtupa mwanawe. Mimi hunyamaza. Nasema moyoni, nyinyi hamjui, mwanangu mwenyewe alinipisha. Hilo ndilo nimeishi nalo." Akapumzika kidogo, pumzi zikamrudia. "Lakini siku hizi nikilala hapa naogopa. Nasema, au hakuniona? Mtoto mdogo yule. Niambie kweli. Uliniona?"

Ningeweza kumwambia kweli. Kweli ninayo, nimeilinda miaka yote, na ni mali yangu halali: sikumwona, nilikuwa natazama leso, na kama ningemwona ningepiga ukelele ambao ungesikika mpaka baharini. Angekuwa amerudi. Ningekuwa na mama, na yeye angekuwa na baba na mkono wake. Sikuona uchungu. Niliona tu kwamba maneno mawili yako mdomoni mwangu, yana uzito sawasawa, na mmoja wetu atalala vizuri.

"Nilikuona, mama," nikasema. "Niliona umebeba kizito, nikakupisha."

Akafumba macho. Uso ukamlegea wote, ule uso ambao sikuutazama.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Ahsante kwa kunipisha."

"Hapana neno, mama," nikamwambia. "Hapana neno."